Hakuna kanuni iliyomkataa mkulima wa Mbozi

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa huu wa barua wakulima wamekuwa wakilalamika kwamba wanakwenda kuomba mkopo wa pembejeo, wanajaza fomu, wanasubiri, kisha wanaambiwa "mfumo umekataa" na mazungumzo yanaishia hapo. Wengine wamewalaumu maafisa mikopo, wengine wamelaumu kompyuta. Mimi ni fundi wa mifumo hapa Mbeya, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutafuta chanzo pale mfumo wa mikopo unapotoa majibu yasiyoeleweka. Naomba nafasi nieleze kinachofichwa na kauli hiyo, kwa sababu kinawaumiza watu wasio na kosa lolote.

Mfumo hauna chuki na mtu. Ndani yake mna kanuni na mna orodha, na zote zimeandikwa na watu. Kanuni ikikosewa, mara nyingi kuna atakayegundua, kwa kuwa inasomeka: kama hivi, basi vile. Orodha ndizo zinazoponyoka, maana hakuna anayezisoma.

Nieleze kwanza chombo chenyewe, kwa kuwa wengi hawajawahi kukiona. Zamani masharti ya mkopo yalikuwa yameandikwa ndani ya programu, na kubadilisha muda wa marejesho ya zao moja ilibidi aitwe mwandishi wa programu. Siku hizi taasisi nyingi zinatumia injini ya kanuni. Drools ni mojawapo, ni ya bure na chanzo chake kiko wazi kwa yeyote. Masharti yanakaa nje ya programu, na mkuu wa kitengo cha mikopo anayaandika mwenyewe kwenye skrini ya kuhariri kanuni: kama wilaya ni fulani, na zao ni fulani, na shamba lina ukubwa fulani, basi idhinisha hadi kiasi fulani. Hachapi maneno, anabofya na kuchagua. Akiachwa achape, leo ataandika "Mbeya" na kesho "mbeya", na kwa kompyuta hivyo ni vitu viwili visivyojuana. Kwa hiyo kila mahali ambapo majibu yanajulikana mapema, kama mkoa, zao, aina ya dhamana au hali ya ndoa, anawekewa orodha iliyofungwa ambayo hawezi kutoka nje yake. Mafundi tunaiita enamu.

Orodha hizi zina mambo mawili ambayo msomaji akiyashika ataelewa yote yanayofuata. La kwanza, kila chaguo lina pande mbili: msimbo unaohifadhiwa, na jina linaloonekana kwenye skrini. Katika Drools pande hizo zinatenganishwa na alama ya sawasawa, msimbo kushoto na jina kulia. Anayehariri anaona jina. Kanuni inabeba msimbo. La pili, orodha moja inaweza kutegemea nyingine. Ukichagua mkoa, orodha ya wilaya chini yake inabadilika ili uone wilaya za mkoa huo tu. Ni utaratibu mzuri, unaokoa muda na makosa, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoutunza.

Sasa niingie Mbozi. Kuna taasisi inayokopesha wakulima wa Nyanda za Juu Kusini ambayo sitaitaja, kwa kuwa iliniruhusu kueleza tatizo na si kutaja jina. Ilipokea malalamiko kutoka kwenye vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa. Majirani wawili, mashamba yanapakana, kahawa ile ile, wanauza kwenye AMCOS moja, yaani chama kimoja cha ushirika cha wakulima. Mmoja anapata mkopo wa mbolea, mwingine anakataliwa. Mwenye shamba kubwa zaidi ndiye aliyekataliwa. Ofisini walidhani ni mtandao, kisha wakadhani ni historia ya madeni, kisha wakasema labda wakulima wanadanganya kwenye fomu. Hili la mwisho liliniudhi sana. Mtu asiyejua sababu hana haki ya kumshuku mkulima.

Aliyetupa mwanga ni katibu wa chama, mzee mmoja mwenye daftari la wanachama lililofunikwa kwa gazeti. Nilimwamkia, akanikaribisha kwenye benchi, akalifungua.

"Angalia hapa, mwanangu," aliniambia. "Wanaokataliwa wote ni wapya. Waliokopa tangu zamani wanapita bila shida."

"Wapya wa mwaka gani, mzee?"

"Hawa wa baada ya kuwa Songwe."

Msomaji wa huku atakuwa ameshaelewa. Mbozi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mbeya mpaka mwaka 2016, ulipoanzishwa Mkoa wa Songwe, makao makuu Vwawa, ukachukua Mbozi, Ileje, Momba na Wilaya ya Songwe. Mtu hakuhama, shamba halikuhama, miti ya kahawa imesimama palepale. Kilichobadilika ni neno moja kwenye anwani.

Nilichukua majalada ya wale majirani wawili nikayaweka sambamba kwenye skrini, mstari kwa mstari. Umri, ukubwa wa shamba, idadi ya miti, namba ya chama, yote yalieleweka. Tofauti iliyobaki ilikuwa kisanduku cha mkoa. Wa zamani ameandikwa MBEYA, kwa sababu jalada lake lilifunguliwa kabla ya mgawanyo na halikuguswa tena. Mpya ameandikwa SONGWE, kama ipasavyo.

Kisha nikafungua kumbukumbu za injini. Injini ya kanuni, ikiwekwa vizuri, inaandika kila kanuni iliyofyatuka, yaani iliyokuta masharti yake yametimia ikatekelezwa, kwa kila ombi. Kwa yule wa zamani nilikuta majina ya kanuni yamepangana: ya kahawa, ya ukubwa wa shamba, ya kiwango cha juu cha mkopo. Kwa yule mpya nilikuta patupu. Kanuni ya kahawa ilikuwa inasema mkoa uwe MBEYA na wilaya iwe MBOZI. Ombi lake lilisema SONGWE na MBOZI. Halikugusa kanuni hiyo, wala nyingine yoyote.

Basi neno "amekataliwa" lilitoka wapi? Lilitoka kwenye programu. Programu ilikuwa inaanza kila ombi likiwa na hali ya kukataliwa, halafu inasubiri kanuni ije kulibadilisha. Isipokuja, hali ya mwanzo inabaki na kuchapishwa kana kwamba ni uamuzi. Naomba hili lisomwe taratibu: hakuna kanuni iliyomkataa mkulima yule. Hakuna sharti aliloshindwa. Hakuna aliyempima akamwona hafai. Alipita katikati ya kanuni zote bila hata moja kumwona, na karatasi ikamtoka imeandikwa kama ya mtu aliyepimwa akashindwa.

Naelewa kwa nini mkopeshaji anataka kuanza na "hapana". Ni fedha za watu na tahadhari ni wajibu wake. Lakini kuna tofauti kati ya kukataliwa na kutoamuliwa, na mfumo usioweza kuitamka tofauti hiyo unamdanganya afisa mikopo, ambaye naye bila kujua anamdanganya mkulima. Hali ya tatu lazima iwepo: "haikuamuliwa", na kila ombi lenye hali hiyo liende kwa mtu mwenye macho, siku hiyo hiyo, likiwa limebeba ile thamani ambayo kanuni hazikuitambua. Kuiongeza si kazi kubwa. Nimeifanya kwenye mifumo tofauti na haijawahi kuwa kikwazo.

Msomaji atauliza, Songwe iliingiaje kwenye fomu kama haimo kwenye kanuni? Kwa sababu orodha ya mikoa ilikuwa mara mbili. Moja ilikuwa kwenye skrini ya kusajili wateja, na hiyo ilishasahihishwa. Nyingine ilikuwa kwenye kihariri cha kanuni, na hiyo ilibaki kama ilivyoletwa na aliyeuza mfumo. Waliosahihisha ya kwanza hawakujua kama ya pili ipo. Aliyeijua alishaacha kazi. Orodha zilikuwa mbili na hata moja haikuwa na mwenyewe.

Sehemu inayofuata nataka mafundi wenzangu waisome kwa makini, maana hapa ndipo nilipoona hatari kubwa kuliko ya mwanzo.

Kabla sijaitwa, ofisi ilishajaribu kurekebisha yenyewe. Waliongeza Songwe kwenye orodha ya mikoa ya kihariri, wakatoa nakala ya ile kanuni ya kahawa, wakabadilisha mkoa kwenye nakala hiyo kutoka Mbeya kwenda Songwe. Pale pale kisanduku cha wilaya kikawa cheupe. Orodha ya wilaya ilikuwa inategemea mkoa, na chini ya Songwe hakukuwa na wilaya hata moja iliyoandikwa. Mhariri wa kanuni hakuliona hilo, akabofya hifadhi. Kihariri kikakubali bila onyo. Na kwa kuwa kisanduku kilikuwa kitupu, kikaondoa kabisa sharti la wilaya. Nakala ya kanuni ya wakulima wa kahawa wa Mbozi ikawa kanuni ya yeyote mwenye kahawa popote Songwe, pamoja na Ileje, ambako taasisi ilikuwa na masharti yake tofauti kabisa.

Lakini hata hiyo kanuni iliyopanuka haikufyatuka. Wapya waliendelea kukataliwa, na ofisi ikahitimisha kwamba tatizo si mkoa. Ndiyo maana walinipokea wakiwa na uhakika kwamba jambo la mkoa lilishakwisha, na ilibidi niwaombe ruhusa ya kuliangalia upya.

Nilichofanya ni kuacha skrini nzuri yenye visanduku na kufungua maandishi ya kanuni yanayozalishwa nyuma yake. Kila kihariri cha kanuni ninachokijua kina sehemu ya kuonyesha maandishi hayo, na fundi anayetafuta hitilafu ya enamu aanzie hapo, kwa sababu skrini inaonyesha jina na hitilafu imo kwenye msimbo. Kwanza niliona kwamba sharti la wilaya halipo. Kisha nikaangalia neno SONGWE ndani ya alama za kunukuu. Lilionekana sawa. Niliiambia kompyuta ihesabu herufi zake. Songwe ina herufi 6. Kompyuta ikasema 7.

Mwisho wa neno palikuwa na nafasi tupu. Orodha mpya ilinakiliwa kutoka kwenye jedwali la Excel, na ile seli ilikuwa na nafasi moja baada ya herufi E, nafasi ambayo jicho la binadamu haliwezi kuiona kwenye skrini wala kwenye karatasi. Kwa injini, SONGWE na SONGWE yenye nafasi ni tofauti kama Songwe na Singida. Nilifuta nafasi ile, nikapitisha ombi la majaribio, na kanuni ikafyatuka.

Hapo hitilafu zilikuwa zimelaliana: orodha iliyopitwa na wakati, orodha tegemezi isiyokamilika, na nafasi isiyoonekana. Ya tatu ilifunika ya pili. Kama ningefuta nafasi ile tu na kuondoka, wakulima wa Mbozi wangeanza kupata mikopo, watu wangenishukuru, na ile kanuni iliyokosa wilaya ingeanza kuidhinisha watu wasiostahili kwa masharti yasiyo yao. Kwa hiyo nawasihi mafundi: tatizo likiisha ghafla, usifunge jalada. Soma kanuni nzima upya, na pitisha maombi ya majaribio ya pande zote, ya anayestahili na ya asiyestahili.

Tulirekebisha vipi? Tuliacha kabisa kuuliza mkoa kwenye kanuni zinazohusu wilaya. Wilaya ina msimbo wake wa pekee, na mkoa wake unaweza kutafutwa kutoka kwenye orodha kuu kwa kuangalia tarehe. Mbozi ya mwaka 2014 inajibu Mbeya, Mbozi ya leo inajibu Songwe, na kanuni ya kahawa haijali. Majalada ya zamani hatukuyafuta wala kuyaandika upya, kwa sababu mkataba uliosainiwa Mbozi ikiwa Mbeya ni mkataba wa Mbeya na lazima ubaki hivyo kwenye kumbukumbu. Kihariri cha kanuni sasa kinasoma orodha ileile inayosomwa na skrini ya usajili. Na tumeongeza ukaguzi unaopita kwenye kanuni zote kila orodha inapobadilika na kutaja kila kanuni inayotumia thamani isiyokuwamo tena.

Hili la kutenganisha msimbo na jina lina mifano mizuri duniani, na mmoja, wa Zambia, uko hapa mpakani kwetu. Swaziland ilipojiita Eswatini mwaka 2018, msimbo wake wa kimataifa ulibaki SZ. Jina lilibadilika, nchi ni ileile, kwa hiyo msimbo haukuguswa na mifumo iliyohifadhi msimbo haikuvurugika. Zambia walifanya kinyume, na walifanya vizuri. Tarehe 1 Januari 2013 waliondoa sifuri tatu kwenye kwacha yao. Kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Jina lilibaki kwacha, lakini msimbo ukabadilishwa kutoka ZMK kuwa ZMW, kwa kuwa thamani si ileile. Mfanyabiashara wa Tunduma anajua ingekuwaje kama kwacha zote mbili zingebeba msimbo mmoja. Jina likibadilika, acha msimbo. Maana ikibadilika, toa msimbo mpya na usiurudie wa zamani milele.

Nina kisa kingine cha taasisi tofauti, na nakieleza kwa kuwa chenyewe ni hatari zaidi. Huku watu hawakukataliwa. Walibadilishiwa zao bila kujua.

Java, lugha ya kuandikia programu, imekuwa na enamu tangu mwaka 2004, na utaratibu wake wa kawaida wa kuhifadhi data kwenye hifadhidata, usipoambiwa vingine, hauandiki jina la chaguo. Unaandika namba ya nafasi yake, ukianza na 0. Orodha ya mazao ilikuwa KAHAWA, MAHINDI, MPUNGA, VIAZI, yaani 0, 1, 2, 3. Taasisi ikaamua kukopesha wakulima wa kakao wa Kyela, jambo jema kabisa. Mwandishi wa programu akaongeza KAKAO, na kwa kupenda mpangilio akaiweka kwa alfabeti, baada ya KAHAWA. Kuanzia hapo 1 ikamaanisha kakao, 2 mahindi, 3 mpunga, na viazi ikawa 4.

Hifadhidata haikuambiwa. Mkulima wa mahindi aliyehifadhiwa kama 1 akasomwa kama wa kakao. Wa mpunga akawa wa mahindi. Wa viazi akawa wa mpunga. Kanuni zilifanya kazi yake kwa uaminifu: mtu wa mahindi akapewa ratiba ya marejesho ya kakao, na mtu wa mpunga akaanza kudaiwa mahindi yakivunwa, wakati mpunga wake bado uko shambani. Kwenye kihariri cha kanuni kila kitu kilionekana sawa, kwa kuwa kihariri kilikuwa kinaonyesha majina mapya kwa utaratibu mzuri kabisa.

Aliyegundua ni mhasibu, mama anayezijua wilaya zetu. Alikuwa anasoma ripoti ya mikopo kwa zao na wilaya, akakuta kati ya wakopaji wa Mbarali wapo wa kakao. Mbarali ni bonde la Usangu, nchi ya mpunga na ng'ombe. Akauliza, "Kakao Mbarali imepandwa na nani?" Swali lile lilifanya kazi ambayo majaribio yote ya programu hayakuifanya. Kisha akaona jambo la pili, kwamba ripoti haikuwa na mkulima wa viazi hata mmoja zaidi ya waliosajiliwa mwezi ule. Haya mawili yalitosha kuonyesha kwamba orodha nzima imesogea hatua moja.

Mafundi, hifadhini msimbo wa maneno, si nafasi. Na kama mfumo ulioukuta unahifadhi nafasi na huwezi kuubadilisha leo, basi ongeza chaguo jipya mwishoni mwa orodha, hata kama alfabeti itakuuma.

Ukimya ndio unaonitisha kwenye visa vyote hivi. Programu nyingi zimezoea kumeza thamani zisizozijua. Hifadhidata ya MySQL, kama hali yake ya ukali haikuwashwa, ikipewa thamani isiyokuwamo kwenye enamu inahifadhi maandishi matupu na kutoa onyo ambalo watu wachache hulisoma. Jedwali la maamuzi, yaani kanuni zilizopangwa kwa mistari na safu, lisipokuwa na mstari wa "vinginevyo" linanyamaza. Kihariri kinachokuta msimbo usiokuwamo kwenye orodha kinaonyesha kisanduku cheupe badala ya kupiga kelele. Dawa ipo na si mpya. Kiwango cha kimataifa cha kuandika maamuzi, DMN, kipo tangu mwaka 2015. Kinaruhusu kuandika thamani zinazokubalika kwa kila safu ya jedwali, na baadhi ya vyombo vinavyokifuata vinaweza kukagua jedwali zima na kukuonyesha mapengo: hapa, kwa Songwe na kahawa, hujasema lolote. Taasisi inayonunua mfumo wa mikopo iulize muuzaji swali hilo moja kabla ya kusaini. Unanionyeshaje mapengo?

Nina ombi pia kwa serikali. Nchi hii inaendelea kugawa maeneo, na ina sababu zake. Manyara ilitoka Arusha mwaka 2002. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilikuja 2012, kisha Songwe 2016, na leo tuna mikoa 31, 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Wilaya na kata zinabadilika mara nyingi zaidi ya mikoa. Kila tangazo la eneo jipya liambatane na faili moja la wazi ambalo kompyuta inaweza kulisoma: msimbo wa eneo jipya, msimbo wa eneo lililogawanywa, na tarehe ya kuanza. TAMISEMI na Ofisi ya Taifa ya Takwimu wana wataalamu wa kulifanya hilo. Kila taasisi ikiendelea kujiandikia orodha yake ya wilaya kwa mkono, nafasi tupu baada ya herufi E zitaendelea kuwanyima watu mbolea.

Kwa wakopeshaji, ombi langu ni kwamba kila orodha iwe na mtu mmoja mwenye jina anayeitunza, na jina hilo liandikwe kwenye orodha yenyewe. Akihama, akabidhi. Na afisa mikopo wa dirishani apewe haki ya kuona kanuni zipi zilifyatuka na kwa thamani zipi. Nimewaona vijana hawa wakihangaika. Wanaulizwa na mama mwenye mtoto mgongoni kwa nini amekataliwa, na skrini yao haina jibu, imebeba neno moja jekundu. Si haki kumweka mtu pale awe uso wa uamuzi asioweza kuueleza.

Na kwa waombaji wenzangu, maana nami natoka kwenye familia ya kahawa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezungumzia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Uamuzi wa namna hiyo ukikugusa, unaweza kuomba ufikiriwe upya. Kwa hiyo ukiambiwa mfumo umekataa, usiondoke. Uliza kwa adabu ni sharti gani hukulitimiza. Kama hawawezi kulitaja sharti, andika barua, weka tarehe, baki na nakala, omba ombi lako lisomwe na mtu. Na angalia jinsi mkoa wako, wilaya yako na zao lako vilivyoandikwa kwenye fomu iliyochapishwa. Ukiona kimoja kimeachwa wazi, tatizo lako huenda liko hapo.

Kuhusu wale wa Mbozi, maombi yao yalipitishwa upya na walio wengi wakaidhinishwa. Lakini mvua zetu zinaanza Novemba na hazisubiri marekebisho ya programu, na kwa wengi fedha ilifika wakati wa mbolea umeshapita. Msimu huo hauwezi kurudishwa. Kinachoweza kurudishwa ni jina. Kwenye majalada yao bado kuna mstari unaosema waliwahi kukataliwa mkopo, na mstari huo unaweza kusomwa na mkopeshaji mwingine kesho ukahesabika dhidi yao. Nimeiandikia taasisi husika kwenye ripoti yangu na narudia hapa hadharani: mistari ile isahihishwe iseme ukweli, kwamba maombi hayakuamuliwa kwa hitilafu ya mfumo, na kila mkulima apewe barua yenye muhuri inayosema hivyo, ipitie kwa makatibu wa AMCOS zao kabla ya msimu huu wa maombi kufunguliwa.

Msomaji wenu,
Fundi wa mifumo,
Mwanjelwa, Mbeya